Acha ruta igawe anwani, hata ya printa

Wanaoanza kuhudumia mtandao wa ofisi huniuliza: kila kompyuta niiandikie anwani ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) kwa mkono, au niiachie ruta? Iachie ruta. Nasema hivyo hata kwa vifaa ambavyo anwani yake haitakiwi kubadilika.

Vifaa viwili vikiwa na anwani moja, mtandao hukatika na kurudi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na unaweza kubadilisha nyaya zote usione nafuu. Nimeitwa mara nyingi kwa shida hiyo, na mara nyingi chanzo ni printa iliyoandikiwa kwa mkono anwani ambayo ruta nayo inaigawa. Aliyeiandika alishaondoka kazini, na hakuacha kumbukumbu popote.

Dawa ni kutenga anwani ndani ya ruta yenyewe. Chukua namba ya MAC (utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) ya printa, seva au kamera, iingize kwenye ukurasa wa DHCP, yaani huduma inayogawa anwani, uifungie anwani unayotaka. Kifaa kitaomba kama vingine, ila kitapewa ile ile siku zote, na orodha yote itakuwa mahali pamoja. Ruta nyingine hudai anwani hiyo iwe ndani ya fungu linalogawiwa, nyingine nje yake, kwa hiyo soma maelekezo kwanza. Simu za siku hizi hubuni namba ya MAC kwa kila mtandao. Ukitaka kuitengea simu anwani, zima kwanza mpangilio huo.

Ninavyoandika kwa mkono ni ruta na swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao) tu. Hizo nazipa anwani zinazoishia na namba za mwanzo, 1 hadi 20, na fungu la kugawa naliweka mbali, tuseme 100 hadi 220.

Angalia pia muda wa kukopesha anwani, yaani muda ambao kifaa hushikilia anwani kiliyopewa, jambo ambalo wengi hawaligusi. Mtandao wenye sabneti (namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao) ya 255.255.255.0 una anwani 254 tu za kutumia. Penye wageni wengi, muda wa saa 24 una maana simu ya mtu aliyekwisha kuondoka bado imeshikilia nafasi. Hapo naweka saa moja au mbili. Kwa wafanyakazi wa kila siku, siku nzima inafaa.

Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, imejipa yenyewe baada ya kukosa mgawaji. Usikimbilie kuiandikia nyingine. Kagua waya, swichi, kisha DHCP.

Na ikionyesha anwani ya mtandao usioujua kabisa, yupo mgawaji wa pili. Kwa kawaida ni ruta ndogo ambayo mtu ameichomeka ili apate Wi-Fi mezani kwake. Itafute, uizimie DHCP au uichomoe, kisha kompyuta zilizopotea ziombe anwani upya.