Gita halina jina kichwani, nitajuaje limetoka wapi na lina thamani gani?

SWALI: Habari fundi. Mjomba wangu alikuwa anapiga rizimu kwenye bendi za dansi hapa Tanga miaka ya sabini, amefariki mwaka juzi na gita lake la umeme nimebaki nalo mimi. Kichwani halina jina, kuna matundu mawili madogo tu kama vile palikuwa na kibati kikang'olewa. Lina pikapu nne (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi), kila moja na swichi yake, na juu kuna bati lenye mistari mistari. Funguo za kukazia nyuzi ziko nne upande mmoja wa kichwa na mbili upande wa pili. Nyuma, pale shingo inapofungwa, kuna bamba limeandikwa Steel Reinforced Neck, Made in Japan. Kuna jamaa anataka kunipa laki moja na nusu, dalali mwingine ananiambia hilo ni Fender la zamani nisiuze chini ya milioni tano. Nani mkweli? Na nikilipiga rangi upya bei si itapanda? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana kwa kufiwa na mjomba, na asante kwa kuandika kila kitu ulichokiona maana wengi wananitumia picha ya mbele tu halafu wanataka bei. Nianze na la muhimu kabisa: usipige rangi. Wala usiling'arishe kwa msasa, wala usibadilishe funguo zile za zamani ukatupa. Gita la umri huo likishapakwa rangi mpya mnunuzi anayelijua anashusha bei hapo hapo, na rangi ile ya kwanza hairudi tena.

Sasa tuje kwenye asili. Fender, ile kampuni kubwa ya magita ya Marekani, si hilo, dalali anakupotosha, sijui kama kwa makusudi au hajui. Jina la kichwani ndicho kitu cha mwisho cha kukiamini kwenye gita la mtumba, kwa sababu kibati kinang'oka, stika inabandikwa, na kwa magita ya Japani ya miaka ya 60 hata jina la halali lilikuwa la mwenye duka tu. Mwaka 1964 The Beatles walipoingia Marekani kila kijana kule alitaka gita la umeme, viwanda vya Marekani vikazidiwa na bei zake wengi hawaziwezi, basi waagizaji wakakimbilia Japani na kiwanda kimoja kikawa kinatoa gita lile lile kwa majina kibao, ukikutana na Kent, Kingston, Kimberly, Silvertone au Audition lile la maduka ya Woolworths Uingereza, nyuma yake unaweza kukuta kiwanda cha Kijapani kama Teisco, Kawai au Guyatone. Kwa hiyo hata ungekipata kile kibati kilichong'oka kingekuambia nani aliuza, siyo nani alitengeneza.

Bamba la nyuma nalo lina mipaka. Maneno yale Steel Reinforced Neck yako kwenye magita ya viwanda zaidi ya kimoja, kwa hiyo linathibitisha Japani na basi, usimruhusu mtu akakuambia limethibitisha zaidi ya hapo. Kinachonipa mimi imani ni vile vitu viwili ulivyovitaja bila kujua uzito wake, bati la mistari na kichwa cha funguo nne kwa mbili. Hizo ni alama za Teisco za nusu ya pili ya miaka ya 60. Teisco ilianzishwa 1946 na mwaka 1967 ikachukuliwa na Kawai ambao waliendelea kulitumia jina hilo, kwa hiyo la mjomba linaweza likawa limetoka kabla au baada ya hapo, na kwa upande wa bei tofauti hiyo haina uzito sana. Kawai wenyewe walikuwa na la kwao la pikapu nne lililouzwa kwa jina la Kingston, ndilo alilokuwa analipiga Hound Dog Taylor wa Chicago kwenye blues, kwa hiyo pikapu nne peke yake isikufanye ukimbilie kusema Teisco, angalia kichwa na bati.

Ukitaka uhakika zaidi legeza nyuzi zote polepole, fungua zile skrubu nne za bamba, toa shingo, tazama kisigino chake (ule mwisho unaoingia mwilini) na ndani ya shimo kama kuna muhuri au maandishi ya penseli. Piga picha kabla hujagusa chochote. Fungua na lile bati uone poti, vile vidude vinavyozungushwa na vifungo vya voliumu na toni. Utasikia watu wanasema soma namba za poti utajua mwaka, hiyo ni kweli kwa magita ya Marekani, kwa mfano 1376633, 137 ni kampuni ya CTS, 66 ni mwaka 1966 na 33 ni wiki ya 33. Poti za Kijapani za wakati ule hazifuati mpangilio huo, kwa hiyo usihangaike kuzitafsiri kwa jedwali la Wamarekani utapata mwaka wa uongo.

Bei sasa. Teisco za pikapu mbili zinazopiga vizuri huko Marekani mara nyingi zinakwenda dola 200 mpaka 400, za pikapu nne zinapanda juu ya hapo, na zile adimu kama Spectrum 5 zinavuka dola elfu moja. Kwa hiyo laki moja na nusu ni kukunyonya kabisa, na milioni tano utakaa nalo mpaka uchoke. Ukitafuta mwenyewe kwenye tovuti za mauzo kama Reverb au eBay angalia zilizouzwa tayari, siyo zinazotangazwa, maana kutangaza kila mtu anaweza kuandika bei anayoitaka.

Ila bei yote hiyo inategemea shingo na pikapu. Bana uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vya kukatisha shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, tazama nafasi iliyobaki kwenye freti ya saba au ya nane. Ikiwa uwazi ni mwembamba kama karatasi ya kadi shingo iko sawa, ikiwa penseli inapita hapo shingo imepinda, na usimruhusu mtu akaze kile chuma cha ndani ya shingo kwa nguvu, shingo za kizamani zinapasuka. Pikapu nazo, chomeka gita kwenye amplifaya, washa moja moja, gusa kila moja taratibu kwa bisibisi, ikilia tok tok iko hai.

Kuhusu pikapu niongeze hapa maana linaniuma. Zile za Teisco zenye karatasi ya rangi ya dhahabu juu zilipata jina baada ya mpiga gita wa Marekani Ry Cooder kuifunga moja kwenye Stratocaster yake, gita la Fender, tangu hapo kuna watu wananunua gita zima ili wang'oe pikapu wauze peke yake, mwili unatupwa. Jamaa wa laki moja na nusu muulize anataka kulifanyia nini. Gita lililopiga dansi Tanga, mji uliotoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kuishia vipande vipande ni hasara kwetu sote. Tafuta kwa shangazi zako na kwa wapigaji wenzake waliobaki picha ya mjomba akiwa nalo jukwaani, andika nyuma ni bendi gani na mwaka gani, uiweke pamoja na gita. Mnunuzi makini anailipia hiyo picha, na ukiamua kutouza basi wanao watajua lilikuwa la nani.

SWALI: Nina Squier Stratocaster, bamba la nyuma limeandikwa JV na namba tano. Naambiwa Squier ni gita la wanafunzi nichukue shilingi laki mbili nishukuru. – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Usichukue! Squier ni jina la pili la Fender, na herufi JV ni za Squier za mwanzo kabisa, zilizotengenezwa Japani na FujiGen kuanzia 1982 mpaka 1984, kabla Squier haijahamia Korea na kwingineko ikawa ya bei ya chini. Zile za mwanzo zaidi kichwani neno Fender ni kubwa na Squier Series ni dogo pembeni. Likiwa zima la oriji linavuka dola elfu moja. Kitu kimoja tu, mabamba ya bandia yapo yanauzwa, kwa hiyo kabla ya kufurahi sana toa shingo uangalie kisigino na nyaya za ndani kama vinafanana na umri huo, na mpe kazi hiyo fundi unayemwamini, usiwe mbali wakati anafungua.

SWALI: Fundi mambo vipi. Nauziwa Fender Strat hapa Nairobi, muuzaji anaapa ni ya Marekani, namba inaanza na MZ5. Sehemu ya maandishi madogo kichwani imekwaruzwa. Anataka bei ya Marekani kweli. – Msomaji, Nairobi

JIBU: MZ ni Mexico, kiwanda cha Fender cha Ensenada, Z ni miaka ya 2000 na ile 5 ni 2005. Za Marekani za wakati huo zinaanza na Z bila M, na hapo palipokwaruzwa ndipo palipokuwa na maneno Made in Mexico, kwa hiyo mtu aliyekwaruza alijua anachokifanya. Hesabu freti na wewe mwenyewe, Standard ya Mexico ya miaka hiyo ina 21, ya Marekani ina 22. Kisha angalia briji (pale nyuzi zinapokaa mwilini), ya Mexico imeshikwa na skrubu sita mbele, ya Marekani imekaa kwenye nguzo mbili. Gita lenyewe halina ubaya wowote bro, Strat ya Mexico ni chombo cha kazi, ukilipata kwa bei ya Mexico piga nalo mpaka uzeeke, lakini huyo muuzaji ukiona hataki kushuka ukishamwonyesha freti 21, mrudishie gita lake uondoke.