Maswali ya wasomaji: Gari la mjomba na injini ya Toyota

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mkazi wa Chumbageni, Tanga. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Muheza, ametuachia gari dogo la spoti aina ya MGB la mwaka 1965, la viti viwili na lenye paa la turubai. Alilinunua kwa meneja wake aliyekuwa anarudi kwao Uingereza mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967. Gari limekaa bandani juu ya matofali tangu mwaka 1991. Kutu imekula chini ya milango, na injini haijaguswa tangu hapo. Fundi wa mtaani ananiambia nisihangaike: atang'oa injini hiyo aweke ya Corolla, apige pati ya kuzibia mashimo ya bodi na rangi nyekundu, na baada ya wiki tatu nitakuwa barabarani. Familia imeniachia niamue. Je, nimkubalie?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mjomba.

Usimkubalie. Sisemi hivyo kwa kumdharau fundi wako, kwani kama gari lingekuwa la kubebea abiria kati ya Tanga na Muheza, ushauri wake ungekuwa wa busara kabisa: injini ya Corolla inapatikana, spea zake zipo kila duka, na haimsumbui mtu. Lakini ili injini hiyo ikae katika MGB, itabidi akate vishikio vya injini, atanue njia ya giaboksi iliyo sakafuni, aunge shafti, abadilishe rejeta na kutoboa matundu ambayo hayakuwapo. Kila tundu ni jambo lisiloweza kurudishwa, na mwisho wa kazi hutakuwa na MGB wala Corolla.

Najua ninachokisema kwa sababu nilikosea mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilikuwa na MGA, yaani ndugu mkubwa wa gari lako, na gereji moja hapa mjini ikanishawishi niondoe kabureta zake mbili na kufunga moja ya gari la mizigo ili kuokoa mafuta. Zile mbili nikazisukuma chini ya meza ya kazi. Kabla ya miezi miwili kwisha, kijana wa kufagia alikuwa ameshaziuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa bei ya kilo. Ilinichukua miaka kumi na moja kupata jozi nyingine, nayo haikuwa ya gari langu. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwako ni kwamba hakuna kitu kinachotoka bandani humo, hata boliti iliyoota kutu, hata kipande cha zulia kilichooza, mpaka gari litakapokuwa limekamilika na wewe mwenyewe umeridhika kwamba kitu hicho hakina kazi.

Sasa tuangalie ulichonacho. Fungua boneti utafute kibati chenye namba ya gari. Gari la wazi la mwaka huo huwa na namba inayoanza na GHN3: G ni MG yenyewe, H ni daraja la ukubwa wa injini, N ni gari la wazi la viti viwili, na 3 ni toleo. Kisha safisha ubavu wa bloku ya injini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, bila kukwangua kwa msasa, utafute kibati kingine kilichopigwa ribiti. Kikianza na 18GB, basi hiyo ndiyo aina ya injini iliyofungwa kiwandani tangu mwishoni mwa 1964, ya sentimita za ujazo 1798 na beringi kuu tano za krenki badala ya tatu za awali. Ukishakuwa na namba hizo, jumba la makumbusho ya magari la British Motor Museum lililopo Gaydon, Uingereza, hutoa kwa malipo cheti kilichonakiliwa kutoka vitabu vya kiwanda, kikieleza gari lilitengenezwa siku gani, likiwa na rangi gani na namba gani ya injini. Agiza cheti hicho kabla hujazungumza na mtu yeyote habari za rangi nyekundu. Wakati huohuo mwone msimamizi wa mirathi, maana bila barua yake TRA hawatahamisha kadi ya gari kuja kwenye jina lako, na kutengeneza gari ambalo bado si lako kwa sheria ni kuwatafutia ndugu ugomvi.

Yapo mambo mawili ambayo fundi aliyezoea magari ya Kijapani anaweza kuyakosea asubuhi ya kwanza. Moja ni spana. Boliti nyingi za gari hilo ni za inchi, na spana ya milimita inayokaribiana nayo huingia vizuri, hushika kidogo, kisha huteleza na kula pembe za nati mpaka ibaki duara kama kifungo. Nunua au azima seti ya spana za inchi, hata kuukuu. La pili ni umeme. MGB zilizotoka kabla ya mwisho wa mwaka 1967 zimefungwa kinyume na mazoea ya leo, kwa maana kwamba waya unaokwenda kwenye bodi hutoka upande wa chanya wa betri, na betri zenyewe ni mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti. Anayefunga betri kwa mazoea, hasi kwenye bodi, anaweza kuharibu mfumo wa dainamo kabla hujasikia injini ikiguna. Andika onyo kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha betri, kama mimi nilivyofanya.

Injini isiyogeuka kwa zaidi ya miaka thelathini haiamshwi kwa stata. Toa plagi nne, mimina kijiko cha mafuta mepesi katika kila silinda, uache siku tatu au nne. Baada ya hapo, plagi zikiwa bado nje, weka gia ya nne na waombe vijana wawili walisukume gari polepole juu ya matairi ya kuazima, huku wewe ukisikiliza. Ikigeuka laini, umebahatika. Ikigoma, usilazimishe, ongeza mafuta, subiri wiki. Mwaga petroli yote ya zamani, ambayo kwa sasa itakuwa imegeuka gundi yenye harufu ya vanishi, na ubadilishe oili na mipira yote ya breki bila kuangalia kama inaonekana mizima, kwa sababu mipira ya breki huvimba kwa ndani na kuziba. Kabureta zako mbili za chapa ya SU zina jaribio moja linalonifurahisha mpaka leo: ingiza kidole, inua pistoni ndogo iliyo ndani, kisha iachie. Inapaswa kushuka yenyewe na kugota chini kwa mlio mdogo wa chuma. Ikikwama njiani, imechafuka au imepinda, na hakuna urekebishaji wa skrubu utakaosaidia.

Jambo la petroli linahitaji maelezo kidogo. Injini hii ilibuniwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, ambayo yalikuwa yakizilinda siti za valvu, yaani mahali valvu zinapofungia, zilizochongwa moja kwa moja katika chuma cha silinda hedi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, na sawa sawa, kwa maana risasi ilikuwa ikiwadhuru watoto wetu. Siku hedi itakapofunguliwa, fundi mashine akutilie siti ngumu za valvu. Hayo ni mabadiliko ninayoyaruhusu bila kujiuma, kwa sababu hayaonekani, hayakati kitu cha nje, na bila hayo valvu zitazama katika hedi kwa safari ndefu.

Nimeiacha kutu mwisho kwa kuwa ndiyo itakayokula fedha zako. MGB haina chasisi ya kusimama peke yake. Nguvu ya gari zima imo katika masanduku ya chuma yaliyo chini ya milango. Pitisha kidole katika upenyo ulio kati ya mlango na bodi, juu na chini. Upenyo ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limeanza kujikunja katikati kama mtumbwi uliovunjika mgongo. Fundi asithubutu kukata chuma hicho kabla hajachomelea nondo ya muda kutoka bawaba za mlango hadi kwenye kitasa, pande zote mbili, vinginevyo atakapomaliza milango haitafunga tena maishani. Tangi la mafuta na betri vitoke kwanza. Akate mpaka kwenye chuma kizima, aunge bati jipya kwa moto mdogo, apake rangi ya zinki, na ndani ya masanduku yale amiminie nta ya kuzuia kutu.

Pati haizuii kutu. Wewe ni mtu wa Tanga, bila shaka umefika Pangani ukaona nyumba za mawe ya matumbawe zilizorekebishwa kwa saruji. Chokaa ya wazee iliuachia ukuta upumue. Saruji ikafungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya masika kadhaa plasta inamomonyoka pamoja na jiwe lenyewe. Pati juu ya kutu hufanya hivyohivyo, ila kwa haraka zaidi. Spea za gari hili, kwa bahati nzuri, ni rahisi kupatikana kuliko za magari mengi ya umri wake, kwa kuwa MGB zaidi ya nusu milioni zilitengenezwa kati ya 1962 na 1980, na tangu 1988 hata bodi zima jipya linaweza kuagizwa Uingereza. Mimi nisingeagiza bodi. Ningeunga lile lililokaa na mjomba.

SWALI: Mzee Fundi, mimi ni mwalimu, naishi Bagamoyo, hatua chache kutoka ufukweni. Baba ana Datsun 240Z ambayo bado inatembea. Rangi yake ya chungwa imefifia, na mlango wa kushoto una mchubuko wa zamani. Kaka zangu wanataka kuipaka upya yote ili ing'ae, mimi nasita. Nani yuko sahihi, na tuitunzeje karibu na bahari?

JIBU: Wewe, Mwalimu. Mwambie baba kwamba anamiliki aina iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara mbili, mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 na Shekhar Mehta, na kwamba watu wa ng'ambo sasa wanaitafuta kwa tochi.

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, huliita gari la kihistoria likiwa limefikisha miaka 30, likahifadhiwa katika hali yake sahihi na halitumiki kwa safari za kila siku. Hati ya Turin waliyoipitisha mwaka 2012 inatanguliza kuhifadhi mbele ya kutengeneza upya, na inataka alama za umri ziheshimiwe. Rangi iliyofifia ni ushahidi wa kiwanda, ilhali ya kaka zako itakuwa ushahidi wa kaka zako tu.

Kwanza hakikisheni kwamba ni rangi ya kiwanda kweli. Chukueni sumaku ndogo ya friji, ifungeni kwa kitambaa chembamba, muipitishe polepole kwenye milango na matao ya matairi. Panapoilegeza, chini yake pana pati. Kama ni chuma safi, osheni gari kwa maji baridi na sabuni laini, kisha chagueni sehemu ya ukubwa wa kiganja mahali pasipoonekana, msugue kwa mkono na dawa ya kung'arishia isiyo na makali. Rangi ya chungwa ikirudi, endeleeni kidogo kidogo. Chuma kikianza kujitokeza, acheni hapohapo. Mchubuko wa mlango unaguswa peke yake kwa brashi nyembamba ili hewa ya bahari isiingie.

Kuhusu bahari, adui mkubwa mara nyingi ni kisima. Nimewaona watu wa pwani wakiosha magari kila Ijumaa kwa maji ya kisima ambayo, ukiyaonja, yana chumvi kuliko mchuzi, halafu wakashangaa kutu inatoka wapi. Tumieni maji ya bomba au ya mvua, mkiyaelekeza zaidi chini ya gari. Turubai la nailoni lisitumike kufunikia, kwani hutoa jasho usiku. Shoneni funiko la marekani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho bibi zetu walikijua vizuri na bado kiko madukani. Kila mwezi inueni betri mtazame chuma kilicho chini yake, kwa sababu Datsun hii huanza kuoza hapo na kwenye sakafu ya mbele kabla ya mahali pengine popote.

SWALI: Je, ni kweli kwamba kupaka oili chafu chini ya gari la kale huzuia kutu? Msomaji, Ngamiani.

JIBU: Huizuia kwa muda, na huleta balaa jingine. Oili iliyotumika huwa na asidi na masizi, huvimbisha mipira ya springi na ya breki, hunasa mchanga wa barabara na kuufanya tope linaloshika unyevu. Pakeni nta au grisi safi baada ya kuosha na kukausha kwa siku mbili za jua. Oili chafu mpeleke anayeikusanya, msiimwage mferejini.