Maswali yenu ya kikapu: Siena ilikufaje?

Wiki hii inboksi imejaa Siena, ile timu ya Italia iliyotawala kikapu chao halafu ikafilisika. Nimechukua machache.

*Siena ilibeba ubingwa wa Italia mara ngapi, mbona kila mtu ana namba yake?*

Uwanjani 8: 2004, halafu 2007 hadi 2013 bila kuruka mwaka. Mwaka 2016 mahakama ya shirikisho lao ikafuta wa 2012 na wa 2013 kwa sababu ya udanganyifu wa fedha ndani ya klabu, zikabaki 6. Hili nishalijibu mara nyingi, jamani someni kwanza.

*Timu inadhaminiwa na benki, inafilisikaje?*

Inafilisika kwa sababu hiyohiyo. Monte dei Paschi ni benki ya tangu 1472, na Siena ni mji mdogo tu wa Toscana, kila kitu pale kiliigusa ile benki. Timu ikawa inaitwa Montepaschi Siena, mishahara inapangwa kwa kuangalia mfuko wa benki, siyo kwa tiketi zinazouzwa mlangoni. Sasa 2007, mwaka uleule ubingwa mfululizo unaanza, benki ikainunua benki nyingine, Antonveneta, kwa euro bilioni 9 hivi, mwaka uliofuata dunia nzima ikaingia kwenye msukosuko wa fedha, na kufikia 2013 benki yenyewe iko mlangoni kwa serikali inaomba kuokolewa. Bomba likafungwa, timu haina kisima kingine, 2014 ikafilisika. Mnaoniandikia kila siku kwamba timu yenu imepata tajiri na shida zimeisha, ulizeni kwanza mshahara wa mwezi ule akiondoka utatoka wapi.

*Mchezaji wao bora?*

Terrell McIntyre. Mara nyingi alikuwa mfupi kuliko wote uwanjani na bado mechi inakwenda kwa mwendo anaoutaka yeye.

*Ina maana walikuwa wezi tu, hawakujua mpira?*

Hapana, na swali kama hili linaniudhi kweli. Machi 2011, robo fainali ya Euroleague, mashindano makubwa ya klabu za Ulaya, walikwenda Piraeus, Ugiriki, wakapigwa na Olympiacos 89 kwa 41. Pengo la pointi 48! Timu nyingine ingefungasha mizigo. Hawa chini ya kocha Simone Pianigiani wakashinda mechi tatu zilizofuata, wakaingia nne bora. Hiyo huwezi kuinunua kwa ankara za uongo. Lakini malipo ya pembeni yalikuwepo, hela zinapita nje ya vitabu na kodi hailipwi, na mpinzani anayelipa kila kitu halali anacheza akiwa na mzigo mgongoni. Ndiyo maana naunga mkono kufutwa kwa yale mataji mawili. Wachezaji walitoka jasho la kweli, waliowaibia ni waliokaa ofisini.

*Fainali ya 2014 ilikuwaje?*

Bado inaniuma. Timu inajulikana inakufa, na bado inaongoza kwa mechi 3-2 dhidi ya Milano, anayefika ushindi wa nne ndiye bingwa, mechi ya 6 iko nyumbani Siena, wakishinda wanabeba ubingwa wa nane mfululizo. Mpira wa mwisho anao Curtis Jerrells wa Milano, anaruka, anaachia, saa inakwisha, unaingia. Ukumbi ule uliokuwa unatetemeka ukanyamaza. Mechi ya 7 ikaenda Milano na kombe likabaki hukohuko. Siena ya benki haikucheza tena.

*Ipo bado au ndiyo imezikwa?*

Jina lipo, Mens Sana, ndilo jina la klabu ukiondoa la benki, maana chama chenyewe cha michezo ni cha 1871, kipo kabla kikapu hakijabuniwa. Walianza upya madaraja ya chini, wakapanda hadi la pili, 2019 wakakwama tena kifedha wakaondolewa msimu haujaisha, wakarudi chini kabisa kwenye ligi za mkoa. Jezi ni ileile ya kijani na nyeupe.