Kipimo cha asilimia 99 nacho hukosea

Umeuliza: kipimo chenye usahihi wa asilimia 99 kikionyesha una ugonjwa, je, ndiyo basi unao? Si lazima. Chukua ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 1,000. Ukiwapima wote 1,000, yule mgonjwa karibu hakika atagundulika. Lakini kati ya wazima 999, asilimia 1 nao watasomeka wagonjwa, yaani kama 10 hivi. Kwa hiyo walioambiwa wanaumwa ni 11, na anayeumwa kweli ni mmoja! Ndiyo maana daktari makini haanzi na maabara. Anakuuliza dalili, anakukagua, ndipo anaagiza kipimo, na majibu yakimtia shaka anathibitisha kwa kipimo cha aina nyingine.

Kwenye jinai hatari ni hiyohiyo, na huko inaniumiza zaidi maana mtu anapoteza uhuru wake. Mwaka 2004 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilimkamata mwanasheria mmoja wa huko ikidai alama ya kidole iliyopatikana baada ya milipuko ya mabomu kwenye treni za Madrid, Hispania, ni yake. Polisi wa Hispania wakaonyesha ni ya mtu mwingine kabisa. Kompyuta ilikuwa imetafuta kati ya mamilioni ya alama, na ukitafuta kwa wengi kiasi hicho, wa kufanana hakosekani.

Mtihani wa shule nao unagusa sehemu tu ya anayoyajua mwanafunzi, tena kwa saa chache. Mimi ningehesabu na kazi zake za mwaka mzima kabla ya kumwambia hawezi.