Unataka kutafiti jeni na kujifunza? Hesabu wabebaji kwanza

Wanafunzi wapya wa uzamili hupenda sana pendekezo hili: nitawapima wanachuo jeni ya BDNF, niwape mtihani wa kumbukumbu, nione nani anajifunza haraka. Wazo lenyewe si baya. Shida ni kwamba limebebwa zima kutoka Ulaya na Marekani, na hapa kwetu linaweza kukwama kabla hujafungua maabara.

BDNF ni protini inayosaidia miunganisho ya seli za neva kuimarika tunapojifunza. Yves-Alain Barde na Hans Thoenen waliitenga mwaka 1982 kutoka kwenye ubongo wa nguruwe. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 11, na kwa baadhi ya watu herufi moja ya DNA imebadilika, hivyo kwenye nafasi ya 66 ya protini, badala ya asidi amino iitwayo valini (Val) hukaa nyingine, methionini (Met). Ndiyo hiyo Val66Met. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli zenye Met hutoa BDNF kidogo zinapochangamshwa, na wabebaji, yaani watu wenye angalau kopi moja ya Met, wakapata alama za chini kwenye kumbukumbu ya matukio. Mwaka 2006 wengine wakawafanyisha watu mazoezi ya vidole, kisha wakapima kwa sumaku eneo la ubongo linaloongoza mkono. Kwa wasio na Met eneo lile lilitanuka. Kwa wabebaji mabadiliko yalikuwa madogo.

Wengi huishia hapo. Wewe endelea mpaka 2011, pale watafiti wa California walipoona kwamba mazoezi makali ya siku nyingi yaliifuta tofauti hiyo ya muda mfupi. Kwangu mimi hilo ndilo tokeo tamu kuliko yote, na ndilo linalotajwa kwa nadra.

Sasa hesabu, ukikumbuka kila mtu ana kopi mbili za jeni hii. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, kopi kama 20 kati ya 100 za jeni hii ni Met. Asia Mashariki hukaribia nusu. Afrika kusini mwa Sahara ni adimu sana. Ukichukua washiriki 200 Ulaya, utapata wabebaji kama 72. Tuseme huku kwetu Met ni kopi moja kati ya 100: katika watu 200 hao utapata wanne. Utalinganisha nini na watu wanne? Data za 1000 Genomes, mradi wa kimataifa uliosoma vinasaba vya watu wa sehemu mbalimbali za dunia, zikiwemo za Waluhya wa Webuye, Kenya, ziko wazi na ni bure. Zitazame kabla hujanunua hata kemikali moja.

Usidhani pia kwamba ukikusanya jeni nyingi utakuwa salama. Utafiti wa 2018 wa watu milioni 1.1 ulipata sehemu 1,271 za vinasaba zinazohusiana na miaka ya masomo. Alama iliyojumlisha vinasaba ilieleza asilimia 11 hadi 13 tu ya tofauti kati ya watu, na hao wote ni wa asili ya Ulaya. Ukiipeleka kwa wenye asili ya Afrika, uwezo wake hushuka sana. Tena miaka ya masomo siyo kujifunza. Ndani yake mna karo, umbali wa shule, na binti aliyeozwa mapema.

Kwa hiyo jasho lako limwage kwenye kipimo cha kujifunza. Mpime mtu yuleyule zaidi ya mara moja, uone anavyopanda siku hadi siku. Uliza alilala saa ngapi, pima macho, pima wingi wa damu. Orodha ya maneno ya Kiingereza humpima mtu Kiingereza kwanza, kumbukumbu baadaye.

Na ukifanya kazi na watoto, jiandae: mzazi atakuuliza, "Mwalimu, wangu ana jeni ya akili?" Jibu liandike kwenye fomu ya ridhaa mapema, kwa lugha anayoitumia nyumbani: tunalinganisha makundi, na majibu haya hayawezi kusema lolote kuhusu mtoto wako mmoja.