Kontroli boksi haipigi ramli

Wiki hii sanduku la barua limejaa maswali ya kontroli boksi za gia oto, zile kompyuta ndogo zinazoamua gia zibadilike lini, kwenye pikapu za zamani na karibu nusu ni lile lile, "fundi nina pikapu ya zamani nichukue boksi gani?" Pikapu ipi jamani? Injini gani, gia boksi namba ngapi, volti 12 au 24, tairi saizi gani? Kontroli boksi inachaguliwa kwa gia boksi, haichaguliwi kwa bodi wala kwa rangi ya gari. Nishasema hili mpaka nimechoka. Hao wote nimewaruka, twende kwa walioandika vizuri.

*Shikamoo fundi. Niko Sakina, Arusha, nina Toyota Surf ya 1994 ilikuwa na injini ya dizeli 1KZ-TE inayoongozwa na kompyuta, kichwa kikapasuka, nikafungiwa injini ya 3L. Gia boksi ni ile ile ya oto, A340. Sasa gari kuondoka ni tabu, inavuta kama imeanzia gia ya juu, mlimani ndo kabisa. Muuza spea anasema kontroli boksi imekufa, ana nyingine laki nne. Nichukue?*

Marahaba. Hiyo laki nne kaa nayo kwanza. Gia boksi ya A340 ina solenoidi (vali za umeme) mbili za kubadilisha gia, zote mbili zikikosa umeme basi ukiweka D gari inaanzia ovadraivu, yaani gia ya nne, moja kwa moja, ndo hiyo tabu yako. Fanya hivi, weka L halafu ondoka, kama inatoka vizuri ni gia ya kwanza hiyo, ukisogeza kwenye 2 itakupa ya tatu, ukirudi D ni ya nne. Ikifanya hivyo ujue gia boksi kwa ndani haijafa, na hata nyumbani utafika kwa kubadilisha kwa mkono. Kilichokufa ni taarifa. Zamani kompyuta ilikuwa inajua umekanyaga mafuta kiasi gani, sasa hiyo 3L ina pampu ya kimekanika, haimwambii mtu kitu. Hata ukinunua boksi tatu za Surf zote zitakaa pale kama bubu kwa sababu hazina cha kusoma.

Unachohitaji ni kontroli inayojitegemea, isiyosubiri kompyuta ya injini, halafu sensa ya mafuta, hii mnayoita TPS, ifungwe kwenye mkono wa pampu. Inapewa volti 5, na ukipima na mita waya wa katikati usome kama 0.5 mguu ukiwa juu na upande taratibu hadi 4.5 hivi ukikanyaga mpaka mwisho, bila kuruka. Ikiruka hapo katikati gia nazo zitaruka utasema gari ina mapepo. Sensa ya spidi iliyoko kwenye gia boksi nayo ipimwe. Pia ulizia kabla hujalipa kama hiyo kontroli inaijua A340, maana nyingi zimetengenezwa Marekani kwa ajili ya gia boksi za GM na Ford.

Sasa kuna kitu hujaniuliza ila ndo kinachoua gia boksi nyingi hapa mjini. Hizo A340 za enzi hizo presha ya haidroliki (mafuta ya gia boksi) ndani haipangwi na kompyuta, inapangwa na kebo inayotoka kwenye mkono wa mafuta. Ukishabadilisha injini, kebo hiyo fundi anaiacha inaning'inia au anaifunga na waya tu. Ikilegea presha inakuwa ndogo, sahani za klachi za ndani zinateleza, zinaungua, haidroliki inakuwa nyeusi inanuka, halafu lawama anabebeshwa kontroli boksi. Nenda kaiangalie hiyo kebo leo kabla hujafikiria kununua chochote.

*Mimi niko Majengo Moshi, Land Cruiser yangu ina gia boksi ya A440F, gia zinachelewa, nifunge kontroli ipi ya kisasa?*

Hakuna. A440F inabadilisha gia kwa presha ya haidroliki na gavana yake ndani, kifaa cha kimekanika kinachofuata spidi ya gari, hakuna kompyuta ya kubadilisha hapo. Angalia kebo na haidroliki.

*Mangi habari, gari langu ni volti 24 na kontroli niliyoagiza inataka 12. Fundi umeme anasema achukue kwenye betri moja tu, mbona redio inafanya hivyo miaka yote?*

Na betri moja imekufa mara ngapi hiyo miaka yote? Ukinyonya betri moja, hiyo inabaki na njaa na mwenzake anashiba kupita kiasi, altaneta haijui kuwagawia. Redio ikizimika unakosa taarabu tu, ila kontroli ikizimika pale Himo umebeba ndizi ni habari nyingine. Nunua konveta ya 24 kwenda 12, yenye uwezo zaidi ya inavyokula kontroli na solenoidi zake, iwe na fyuzi yake. Erthi peleka moja kwa moja kwenye negativu ya betri au kwenye bloku ya injini, usifunge kwenye bodi yenye kutu. Halafu boksi ikae ndani ya kabini, chini ya dashi ni sawa, usiiweke kwenye boneti ambako vijana wa kuosha magari wanapiga maji ya presha.

*Shemeji yangu ananiletea Chevrolet ya zamani dizeli, tunabishana tuiwekee gia boksi ya 4L60E au 4L80E, na kontroli ya kampuni gani.*

Kama ni ya kubeba mzigo, 4L80E. Hiyo imetokana na gia boksi ya zamani ya TH400 ile ngumu, 4L60E ni ukoo wa 700R4, ni nyepesi zaidi. Kuna na hili: umeme ukikatika njiani 4L80E inabaki gia ya pili na 4L60E inabaki ya tatu, sasa fikiria umekwama unapanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, utataka ipi?

Kampuni, zipo Quick 4 ya US Shift na CompuShift ya HGM, zote zina majina, ila uliza kwanza unatuni kwa kutumia nini, laptop au simu, na kama ni laptop nani pale Unga Limited, Arusha, atakuwa nayo siku ikigoma. Hakikisha pia inakuruhusu kushusha mizunguko ya kubadilisha gia, maana ukiiacha na mipangilio ya petroli itasubiri mizunguko ambayo dizeli yako haifiki maisha.

Na kwa maoni yangu, ambayo shemeji hatayapenda, TH400 yenyewe ina gia tatu tu na haitaki kontroli yoyote. Utalipia kwa mafuta barabarani, lakini utalala usingizi.

*Nafanya safari za Ngorongoro. Nimefunga kontroli, barabarani iko poa, nikiweka 4L (zile gia nzito za 4x4) kushuka kreta gia zinachanganyikiwa.*

Hili swali zuri. Sensa yako ya spidi iko nyuma ya transfa, lile boksi la gia za 4x4 linalofuata baada ya gia boksi. Ukiweka 4L shafti ya nyuma inazunguka polepole kuliko inavyotoka gia boksi, kontroli inadhani gari inatambaa tu, hesabu zake zote zinakuwa uongo. Kontroli nzuri ina waya wa kuiambia kuwa uko 4L, tafuta swichi ya transfa uunganishe, halafu uweke na uwiano wa transfa kwenye mipangilio. Mpaka ufanye hivyo, shuka ukiwa umefunga gia kwenye L kwa mkono. Kutoka ukingoni hadi chini ni kama mita 600 za mteremko, breki peke yake zitachemka, na una wageni nyuma.

*Boksi ya mtumba toka Ilala inafaa?*

Namba zilizoandikwa kwenye boksi zikifanana zote na za boksi yako, ndiyo. Tarakimu moja ikipishana, mwachie mwenyewe.

*Fundi gari ilikuwa inabadilisha gia safi kabisa. Jumamosi nimechomelea bampa, toka hapo haina gia.*

Ulichomelea bila kuchomoa betri wala soketi ya kontroli, sindiyo? Pole sana kaka. Pima fyuzi kwanza. Kama fyuzi ni nzima, basi katika wote walioniandikia wiki hii wewe peke yako ndo wa kununua boksi kwa sababu ya zamani imekufa.