Madoa ya mashavuni: krimu, vidonge au leza?

SWALI: Daktari, nina miaka 34, naishi Mwanza. Tangu mimba ya mtoto wangu wa pili, ambaye sasa ana miaka mitatu, nina mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Natumia vidonge vya majira. Saluni wamenipa krimu ya kopo lisilo na jina, famasi wananishauri haidrokwinoni ya asilimia 4, rafiki yangu anasema nikapigwe leza tu. Nishike lipi?

JIBU: Dada, unavyoeleza inafanana na melasma, yaani mabaka ya rangi ya ngozi iliyozidi, ingawa daktari wa ngozi ayaone kwanza kwa macho.

Habari ya kopo la saluni tuimalize mapema. Mkorogo wa namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi), haidrokwinoni ya kiasi asichokijua hata aliyeichanganya, na mingine hukutwa na zebaki. Ndiyo maana wiki ya pili uso unang'aa na mtaa mzima unakusifia. Ukiacha, uso unawaka, chunusi zinafumuka, na madoa yanarudi na ndugu zake. Mwenye saluni akikupa mkono, tazama vifundo vya vidole vyake: vikiwa vyeusi ti huku mkono umekuwa mweupe, umeshajibiwa.

Haidrokwinoni ya famasi ni dawa kweli, nami huiandika. Inazuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi. Unapaka usiku, juu ya doa tu, kwa miezi mitatu hivi, kisha unapumzika. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa: doa likipungua, hawaachi. Anayepaka miaka na miaka anaweza kupata okronosisi, weusi wa kibuluu wenye vipele vidogo, na huo kuuondoa ni kazi ngumu kuliko melasma yenyewe. Krimu ikigeuka rangi ya chai kwenye tyubu, itupe. Nguvu zaidi iko kwenye mchanganyiko wake na tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) pamoja na steroidi hafifu, ila huo ni wa kuandikiwa na daktari, na mjamzito hautumii. Krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20 inakwenda polepole na inachonyota kidogo, lakini hata mjamzito anaweza kuitumia.

Huenda utasikia pia habari za asidi ya traneksamiki ya kumeza, miligramu 250 mara mbili kwa siku. Asili yake ni dawa ya kuzuia kutokwa na damu, na kwa melasma inasaidia kweli. Wewe usiiguse kwa sasa. Vidonge vya majira vyenye estrojeni (homoni ya kike) vinaongeza hatari ya damu kuganda, na traneksamiki nayo inaiongeza. Tena estrojeni hiyohiyo huchochea melasma, kwa hiyo kabla ya kununua krimu yoyote zungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango kuhusu njia isiyo na homoni, kama kitanzi cha shaba.

Leza? Kwa ngozi zetu naiweka mwisho kabisa. Joto lake huweza kuamsha seli za rangi, na doa likarudi jeusi kuliko lilivyokuwa.

Lakini yote hayo ni bure bila kinga ya mwanga. Si mionzi ya jua isiyoonekana peke yake. Hata mwanga huu tunaouona kwa macho unakoleza melasma kwa watu weusi, na krimu nyingi za jua hazimudu kuuzuia. Tafuta ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi yenye oksidi za chuma, unga wa madini wenye rangi. Utaitambua kwa rangi: ikitoka kwenye tyubu nyeupe pe, si hiyo. Kipimo ni mistari miwili ya krimu, urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo, asubuhi na tena mchana. Kwenye daladala, kaa upande wenye kivuli.

Mimi ningeanza na kinga hiyo na kubadilisha vidonge, kisha azelaiki au haidrokwinoni chini ya daktari. Piga picha leo dirishani, saa tatu asubuhi, na nyingine mahali hapohapo baada ya wiki nane. Kioo cha kila siku kitakudanganya.